Kikosi Kiko Njiani

Kohler Gap, Pennsylvania
18 Aprili 1971

Mdogo wangu Imrich,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Verona. Mimi ni mzima. Kifua kinakohoa, lakini kifua cha mtu aliyechimba makaa maisha yake yote kisipokohoa ndipo uite padri. Pasaka imepita salama. Nilipeleka kikapu cha nyama na mayai kanisani kubarikiwa, mwenyewe, katikati ya wanawake. Walinitazama kama nimebeba nyoka. Kikapu changu ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Unaona mwandiko huu. Ni wangu, usicheke. Miaka yote ulikuwa unasoma mkono wa shemeji yako Zuza ukadhani kaka yako anaandika vizuri. Tangu tumzike mwezi wa kumi na moja hakuna wa kumwambia kaa hapo uandike. Padri Dubik alijitolea nikamkatalia. Huyo ukimpa barua yako Jumamosi, Jumapili unaisikia kwenye mahubiri. Kwa hiyo nashika kalamu ya risasi, naandika, nafuta, karatasi inatoboka, naanza tena. Darasa la tatu ndilo langu la mwisho, lakini wenye madarasa kumi na mawili niletee mmoja anayeweza kuwamba ngozi ya ngoma kubwa peke yake.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti ni mashindano ya Allentown. Kadi ya kushiriki niliijaza mwenyewe mwezi wa pili, KIKOSI CHA NGOMA NA BURUJI CHA MTAKATIFU BARBARA, herufi kubwa, hata yule wa posta alisifu. Vijana mwaka huu ni wengi mpaka ukumbi wa chini ya kanisa hautoshi. Ngoma zinanguruma, buruji zinalia, mabinti wa bendera wanakanyagana. Wanapiga kama ulivyofundisha wewe, mkono wa kushoto uamke kabla ya ule wa kulia. Watu wanasema wewe, Imro, ndiye uliyekianzisha kikosi. Sawa. Wewe ulifundisha, lakini nani aliwafikisha uwanjani? Bila lori langu ungepiga ngoma jikoni kwa mama mpaka leo.

Njoo uwaone. Siku nyingi hujakanyaga nyumbani. Juu ya mazishi sisemi kitu. Nasema tu njoo uone kikosi.

Ni mimi kaka yako,
Ondrej Hlavaty


Rockford, Illinois
9 Mei 1971

Kaka yangu Ondrej,

Milele, amina. Barua yako ilinikuta mezani nikila peke yangu, Verona akiwa kwa daktari na nyonga yake. Nikaisoma chakula kikapoa. Mwandiko wako unaonekana kama wewe mwenyewe unavyoingia nyumbani, mabega kwanza. Usiache kuandika.

Sisi hatujambo. Kiwandani nilistaafu, unajua, na sasa nakata nyasi. Nikimaliza mbele nakwenda nyuma, nikimaliza nyuma mbele zimeshaota. Miaka kumi na tatu tangu tuhamie huku, na mtaani watu bado wananisalimu kwa kupunga mkono wakiwa ndani ya gari. Juzi jirani aliniita Bwana Harvey. Nikaitika.

Kuhusu mazishi ya shemeji Zuza, nilikuandikia, Verona alikuwa ametoka kupasuliwa. Sina la kuongeza.

Kaka, gazeti la vikosi bado linanifikia. Toleo la mwezi uliopita wamepanga vikosi vyote vya mashariki, na maonyesho yao ya majira haya ya joto. Nimetafuta Mtakatifu Barbara sikuona. Nikampa Verona, yeye macho yake ni mazuri, naye hakuona. Bila shaka wamesahau tu. Ngoma ndogo anafundisha nani sasa? Yule Yanko wa Pavlik bado yupo?

Agosti ni mbali kidogo. Tutaona.

Mdogo wako,
Imro


Kohler Gap
23 Mei 1971

Mdogo wangu Imro,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa nyonga ya shemeji. Mwambie ajipake mafuta ya nguruwe na pilipili, asiogope harufu. Huku mvua imekuwa nzuri, kabeji zangu ni kubwa kuliko za jirani Sabol, anapita kila asubuhi kuziangalia kwa wivu anajifanya anatembeza mbwa.

Gazeti! Umri wote huo na bado unaamini gazeti! Wanaoandika lile gazeti ni watu wa mjini, kwao Kohler Gap ni mahali unapopita ukiwa umepotea. Kikosi kikubwa hakihitaji kutangazwa. Wakati wa tufani nani anatangaza upepo?

Yanko yupo, anafundisha, mkali kama mimi. Unakumbuka enzi zake alipoangusha kijiti mbele ya jaji kule Wilkes-Barre, akainama kukiokota? Jaji akakata alama kwa kuangusha, akakata tena kwa kuinama. Mimi nilimwambia, kikianguka kiache hapo chini, simama kama hakijawahi kuwa chako. Sasa anawaambia watoto vilevile, bila kutaja kwamba maneno ni yangu.

Sare zote nimezifua na kuzipiga pasi mimi, tangu kola mpaka milia ya suruali, kazi ya Zuza hiyo, sasa naifanya na naifanya vizuri kumshinda, Mungu amweke pema, asinisikie. Zimetundikwa ukumbini mstari mmoja. Manyoya ya kofia nayapuliza vumbi kila Ijumaa. Mwaka huu hakuna hata sare moja iliyochanika, hakuna iliyolowa jasho, hakuna kifungo kilichopotea. Nidhamu ya namna hiyo wewe hukuwahi kuipata.

Ukija utalala chumba kile cha nyuma. Nimehamisha viazi.

Ondrej


Rockford
20 Juni 1971

Kaka Ondrej,

Milele, amina. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara kadhaa.

Verona anaendelea, anatembea na fimbo na kunichapa nayo. Mafuta ya nguruwe amekataa. Anasema, "Mwambie shemeji ajipake yeye kichwani."

Padri Dubik alinitumia kadi. Ni mtu mwema, ila ana maneno mengi. Ameandika habari za parokia, nani amekufa, nani amehama, nyumba ngapi za mtaa wetu zimepigiliwa mbao madirishani. Pavlik na ukoo wao wote wako New Jersey tangu Krismasi. Ukumbi wa chini, anasema, umefungwa tangu Machi na funguo unazo wewe, na unashuka huko jioni unawasha taa. Ameandika na mengine. Kadi nimeiweka kwenye droo.

Sikuulizi kitu.

Nitakuja Agosti. Nitaendesha mwenyewe, siku mbili zinanitosha. Nataka kuwaona vijana wetu uwanjani, kama ulivyosema. Niambie tu nikukute wapi.

Imro


Kohler Gap
6 Julai 1971

Imro,

Padri Dubik ni mgeni hapa. Ana miaka mitano tu. Hajui kitu. Ukumbi umefungwa kwa sababu tunafanya mazoezi nje, ndani joto. Nani anafanya mazoezi ndani mwezi wa saba? Na Yanko anakuja Jumamosi kwa basi. Taa nawasha kwa sababu ya panya.

Halafu nimefikiri. Usije. Barabara ya Ohio wanaichimba, nimesikia redioni. Shemeji na nyonga yake utamwachia nani? Na kuna ugonjwa wa surua kwa watoto wa ngoma ndogo, huenda wengine wasipige, halafu wewe utakuja utaona kikosi pungufu ukadhani ndivyo kilivyo. Njoo mwakani. Mwakani kitakuwa kikubwa zaidi.

Mimi ni mzima. Nilianguka kidogo kwenye ngazi ya nyuma lakini ngazi ndiyo iliyoumia.

Barua hii nilitaka kuituma hivyo, nikakaa nayo siku nne. Zuza alikuwa na tabia ya kunisomea barua kabla ya kuifunga, nikisikia upumbavu wangu tunaufuta. Sasa najisomea mwenyewe na upumbavu wote nauona mzuri.

Kama umeshaamua, haya. Nitakuwa uwanja wa magari, upande wa machweo, tangu saa nane mchana. Hutapotea. Lori nimelipaka rangi ya bluu mpya na jina nimeliandika upya kwa mkono wangu. Ni lori zuri kuliko yote Pennsylvania. Nitabeba soseji zile za bucha ya Kubik za kuvutwa moshi, na figili kali.

Kaka yako


Rockford
1 Agosti 1971

Kaka,

Gari limebadilishwa mafuta. Naondoka Alhamisi ya tarehe 12. Binti wa jirani atalala na Verona. Verona ameoka mkate mtamu wenye kokwa za jozi ndani, kama ule wa mama, na ameniapisha nisiuguse mpaka nikuone.

Upande wa machweo. Lori la bluu. Nimeelewa.

Imro


Kohler Gap
17 Agosti 1971

Imro,

Nilisubiri, hukuja.

Basi nikwambie ulichokikosa. Wa tano! Katika vikosi vyote vile vyenye mabasi ya vioo vyeusi na wapishi wao, Mtakatifu Barbara wa tano. Watu walisimama. Kulikuwa na mzee mmoja wa Philadelphia aliyelia, akanishika mkono, akasema hajasikia ngoma kama hizo tangu vita. Nikamwambia asante, hao ni vijana wangu. Yanko alikuwa na furaha hawezi kusema. Tuliimba njia nzima kurudi, lori linatikisika.

Soseji nimekula mwenyewe. Nyingine nimempa mbwa wa Sabol.

Kama ungekufa njiani Verona angeniandikia, kwa hiyo hujafa.

O. Hlavaty


Rockford
29 Agosti 1971

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe. Gari liliniharibikia karibu na Toledo. Lilitoa moshi, fundi akasema kipuri kitafika Jumatatu, na Jumatatu kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nilikaa katika hoteli ndogo nikitazama barabara. Simu ningepiga, lakini wewe ulishakata yako, na posta ya Kohler Gap Jumamosi mchana imefungwa. Nilirudi nyumbani taratibu.

Hongera kwa nafasi ya tano. Ni kubwa.

Verona yuko vizuri, ameanza kupanda ngazi. Nyasi zinaendelea.

Kaka, nakuomba jambo moja tu. Nenda kwa daktari akusikilize hicho kifua. Mtu wa umri wako kusimama vile kwenye mvua, kichwa wazi, si mchezo. Chukua blanketi la sufu. Kunywa kitu cha moto.

Mdogo wako,
Imro


Kohler Gap
4 Septemba 1971

Imro,

Mvua gani?

Sikukuandikia mvua. Nimesoma barua yangu kichwani mara nyingi, sikuandika mvua. Wala sikuandika kofia.

Redio ya huko Toledo inataja vichwa vya wazee wa Pennsylvania?

Jibu.

Ondrej


Rockford
19 Septemba 1971

Kaka Ondrej,

Nilimpa Verona barua yako akaisoma, akaitupa mezani. "Wanaume wawili wazee," akasema, "mmoja anadanganya kwa kupiga kelele, mwenzake kwa kunyamaza. Mama yenu aliwanyonyesha nini?" Kisha akaniletea karatasi, akaondoka, akafunga mlango wa jikoni.

Nilifika. Nilifika Jumamosi ile kabla ya saa nane. Lori nililiona tangu barabarani. Bluu yake inaumiza macho. Jina umelianza kwa herufi kubwa mno, ukafika mlangoni nafasi imekwisha, "BARBARA" imebanwa mkiani kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Krismasi. Nilicheka mwenyewe ndani ya gari. Nikachukua mkate wa Verona nikaanza kuja.

Wewe ulikuwa umesimama kando ya lori, kofia ya kikosi kichwani, na ngoma kubwa umeiteremsha chini, moja, unaifuta na kitambaa. Pembeni yako kulikuwa na wale vijana wa kikosi cha Jersey wanapasha mikono. Mmoja akakuita.

"Babu! Wenzako wako wapi?"

"Wako njiani," ukasema.

"Tangu asubuhi wako njiani? Wanakuja kwa miguu?"

Wakacheka. Wewe hukugeuka hata. Ukasema, "Mkono wako wa kushoto unachelewa. Shughulika na huo kwanza." Akaacha kucheka, akajaribu tena, na kweli ulikuwa unachelewa.

Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda cha maji ya limau, hatua chache tu. Ningeweza kukushika bega. Yule mama wa limau akakuuliza unamngoja nani juani hivyo, ukamwambia, "Ndugu yangu anatoka Illinois. Yeye ndiye aliyewafundisha hawa wote. Hakuna mpiga ngoma kama yeye." Miaka yote hii, kaka, hujawahi kuniambia hivyo mimi. Ulimwambia muuza limau.

"Na kikosi chenu kinapiga saa ngapi?" akauliza.

"Kiko njiani," ukasema tena, ukatazama lango.

Hapo nikasimama. Nikifika mbele yako itabidi uache kusema hivyo. Watu wengine wote pale uliweza kuwaambia kiko njiani, mimi peke yangu usingeweza. Nikajiona kama jaji na karatasi yake. Nikasema nitangoja kidogo, labda utakaa, labda utakula, nije ukiwa umekaa. Hukukaa. Vikosi vikaanza kuingia, nikaenda kuketi majukwaani, juu kabisa.

Vikosi vilipiga vizuri. Sikusikia.

Halafu ile saa ya mwisho. Unajua inavyokuwa, kila kikosi kilichoandikishwa kinarudi uwanjani, mistari inapangwa, watu wanasimama kusomewa alama, kutoka mkia kwenda kichwa. Mvua ilikuwa imeshaanza kuwa ya kweli. Watu waliokuwa karibu yangu walijifunika magazeti. Msomaji akasema, "Mtakatifu Barbara, Kohler Gap." Akageuza karatasi. Akasema, "Hawakufika." Kadi yako ya mwezi wa pili, kaka. Hukuifuta.

Na wewe ulikuwa pale chini. Sijui uliingiaje, labda yule wa langoni aliona kofia. Ulikuwa mwisho wa mstari, kando ya mabinti wa bendera wa kikosi cha mwisho, peke yako, umenyooka. Kamanda wa kikosi akisomewa alama hupiga saluti. Wewe ulivua kofia. Ukaishika kifuani, mvua inakupiga kichwani, mpaka majina yote yakaisha. Wale mabinti wakasogea wakakupa nafasi. Mtu mmoja nyuma yangu akauliza, "Yule mzee ni nani?" Nilikuwa na jibu. Sikulitoa.

Nilikaa ndani ya gari mpaka lori lako likaondoka. Nikalifuata. Unaendesha polepole siku hizi. Nilikufuata mpaka njia panda ya Kohler Gap, wewe ukakata kulia, mimi nikanyoosha. Toledo nilisimama kweli, nikanywa kahawa, ili neno moja katika barua ile liwe na ukweli. Mkate wa Verona nilimrudishia mzima. Ndiyo maana alijua tangu mwanzo.

Na wakati wa mazishi ningeweza kuja. Hilo nitakwambia ana kwa ana au sitalisema kabisa.

Sasa unajua mvua gani.

Imro


Kohler Gap
3 Oktoba 1971

Imro,

Barua yako nimekaa nayo. Nilikasirika siku ya kwanza. Nilikuandikia matusi kurasa mbili, mazuri, ungeyapenda, nikawashia jiko.

Niliona taa za gari nyuma yangu njia nzima. Nilidhani ni mtu aliyepotea. Nilipokata kulia nilipunguza mwendo ili kama anataka kuuliza njia aulize. Nikaona amenyoosha. Nikasema haya, anajua anakokwenda.

Kikosi hakipo. Naandika mara moja na sirudii. Januari walikuja wachache, Februari wachache zaidi, Machi alikuja mjukuu wa Sabol peke yake na bendera yake. Tukakaa kwenye viti kungoja wengine. Nikamwonyesha jinsi ya kukunja bendera ili isishike mkunjo, mimi najua hayo yote. Halafu akasema babu mimi nina kazi ya shule. Nikamwambia nenda. Nikafunga mlango. Yanko alikuwa ameshahama, wewe ulijua. Zamani nilikuwa namwambia Zuza kila kitu cha mazoezi nikirudi, nani kakosea, nani kachelewa, naye anamenya viazi anasema "ehe, ehe," hata hasikilizi. Mwaka huu hata habari yenyewe haikuwepo. Nikaona afadhali nikwambie wewe habari nzuri kuliko kutokuwa na habari.

Wa tano hatukuwa. Ila yule mzee wa Philadelphia yupo. Alinishika mkono kweli, langoni, nikitoka. Hakusema kitu cha ngoma. Alisema, "Twende utoke mvuani, bwana."

Kifua daktari amesikiliza. Anasema hajawahi kusikia kifua kama changu. Nikamwambia najua.

Sasa sikiliza. Mwakani Agosti sitakwenda Allentown na wewe usijipangie kuja kutazama mashindano. Huku hakuna cha kutazama. Sabol anauza mbwa, kabeji nimezivuna, lori betri imekufa. Njoo kabla theluji haijafunga barabara, mlete Verona na fimbo yake, nataka kuona kama anakuchapa kweli. Nitapika kabeji za kukunja na nyama, nimejaribu mara mbili, ya pili ililika. Hilo la mazishi utaniambia au hutaniambia, viti viko viwili jikoni, vitatu nikileta kile cha ukumbini.

Mlango wa nyuma, siyo wa mbele. Ugonge kwa nguvu, kama uliyetumwa na mahakama. Sisikii vizuri siku hizi, usimwambie mtu. Nakaa jikoni, na taa ikiwaka mtu aliye nje ananiona mimi, mimi simwoni. Usisimame hapo ukanitazama halafu ukaondoka.

Ondrej